Mwongozo kamili: namna ya kumaliza dozi ya doksisaiklini bila kuunguzwa na jua wala kubanduka kucha

Mgonjwa anayepewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwenye dirisha la dawa huambiwa maneno mawili, "epuka jua", kisha anarudi kwenye shamba lake, pikipiki yake, ngalawa yake au meza yake ya nyanya sokoni, kwa sababu hakuna aliyemweleza jua la kuepuka ni la saa ngapi, linafika vipi mwilini, na atalikwepaje ilhali riziki yake yote iko juani. Siku chache baadaye anarudi na uso unaowaka kama uliopakwa pilipili. Mwingine harudi kabisa, bali anaitupa dawa katikati ya dozi akiamini ana mzio nayo. Wa tatu anakuja baada ya mwezi mzima, kucha zimebanduka, akiomba dawa ya fangasi.

Makosa haya matatu nimeyaona yakijirudia mno, na yote yanazuilika. Dawa peke yake haiunguzi. Kinachounguza ni dawa ikikutana na mwanga, kwa hiyo ukiukata mwanga unaweza kuimaliza dozi yako kwa usalama. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa utaratibu utakaoufuata tangu siku unapopokea dawa hadi wiki kadhaa baada ya kumeza kidonge cha mwisho.

## Dawa zinazohusika

Doksisaiklini ndiyo inayohusika hasa, na wengi huiita doksi. Hutumika kwa homa ya brusela inayowapata wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, kwa klamidia, kwa chunusi sugu, na kwa kuzuia malaria kwa baadhi ya wasafiri. Ndugu yake tetrasaiklini ina tabia hiyohiyo.

Siprofloksasini, levofloksasini na ofloksasini nazo humfanya mtu aungue haraka, na vilevile dawa zenye salfa kama kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la septrini. Amoksilini haimo katika orodha hii. Ikiwa dawa yako imo, hatua zinazohusu ngozi zinakufaa kama zilivyo, ingawa kubanduka kucha ni tabia ya doksisaiklini na jamaa zake zaidi ya dawa nyingine.

Rangi ya ngozi isikudanganye. Ngozi nyeusi hukinga kwa kiasi, lakini haizuii kuungua kwa namna hii, na kwa kuwa wekundu hauonekani upesi juu yake, mgonjwa na mhudumu wote wawili huchelewa kutambua. Zaidi ya hayo, nyama iliyo chini ya ukucha ina rangi kidogo sana ya kuikinga, hata kwa mtu mweusi kabisa.

## Vitu vya kuandaa

- Kofia yenye ukingo mpana unaozunguka kichwa chote, usiopungua sentimita 7. Kapelo haitoshi, kwa sababu inaacha masikio na shingo wazi.
- Nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kubana. Inyanyue ukiielekeza kwenye dirisha. Ukiona mwanga unapenya kwenye matundu, tafuta nyingine au vaa mbili.
- Glovu nyepesi za kitambaa.
- Losheni ya kukinga jua yenye SPF (namba ya nguvu ya kinga) 30 au zaidi, ambayo pia inakinga mionzi ya UVA, aina mojawapo ya mionzi ya jua isiyoonekana.
- Rangi ya kucha nzito isiyopitisha mwanga, au plasta ya kitambaa. Wanaume wengi watapendelea plasta, nayo inafaa.
- Mafuta ya mgando, kitambaa safi cha pamba na parasetamoli.
- Simu yenye kamera, kwa ajili ya kulinganisha kucha wiki hadi wiki.

Fedha zikiwa chache, nunua kofia na glovu kwanza, losheni baadaye. Losheni inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino waachie wenyewe, kwa kuwa kwao ni kinga ya saratani ya ngozi kwa maisha yote, wala si ya wiki mbili.

## Hatua ya 1: Weka dawa zako zote mezani kabla ya kuanza

Leta mbele ya mfamasia kila unachokitumia, pamoja na vidonge vya presha na jeli za kuchua maungo. Haidroklorothayazidi ya presha, piroksikamu ya maumivu, jeli ya ketoprofeni na griseofulvini ya fangasi zote humfanya mtu aungue na jua, na mbili zikikutana hatari hupanda.

Uliza maswali matatu: dozi yangu ni miligramu ngapi kwa siku, ni ya siku ngapi, na je, kuna dawa nyingine inayoweza kunifaa? Hatari huongezeka kadiri kiasi kinavyoongezeka, kwa hiyo anayetumia miligramu 200 kwa siku ajihadhari zaidi ya anayetumia 100. Kwa ugonjwa kama klamidia daktari anaweza kuwa na njia nyingine. Kwa brusela ni vigumu, maana matibabu yake ya kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6 pamoja na dawa ya pili, na anayekatisha hujiweka katika hatari ya ugonjwa kurudi. Mjamzito aseme hali yake kabla ya kupokea dawa yoyote kati ya hizi.

Umefanikiwa ikiwa unaondoka dirishani ukijua tarehe ya kidonge chako cha mwisho. Iandike kwenye kalenda.

## Hatua ya 2: Meza dawa ipasavyo

Wapo wanaoambiana kwamba ukimeza doksi usiku, asubuhi itakuwa imeshatoka mwilini. Si kweli. Baada ya takriban saa 18 hadi 22, nusu yake bado imo, kwa hiyo mchana wa kesho unakukuta nayo. Tena anayeimeza na kulala papo hapo anaweza kuunguza koo, kwa sababu kidonge hukwama na kuyeyuka njiani. Meza kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, baada ya chakula, na usijilaze kwa angalau nusu saa. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia vitenganishe nayo kwa saa kadhaa.

## Hatua ya 3: Panga upya saa zako

Kazi ya juani ifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Kama huna saa, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali mno kwako, na kikiwa kirefu kuliko wewe, una nafuu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kipimo cha mionzi ya urujuanimno (mionzi ya jua isiyoonekana inayounguza; kipimo chake huitwa "UV index") mchana mara nyingi hufika 11 na kupita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga kikifika 3.

Mambo manne huwaponza hata walio makini.

La kwanza ni mawingu. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, na siku ya namna hiyo watu hukaa nje muda mrefu zaidi kwa kuwa hawahisi joto.

La pili ni baridi ya nyanda za juu. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtu wa Nairobi, Mbeya au Njombe anapigwa na mionzi mikali huku amevaa sweta. Joto si kipimo cha kuungua.

La tatu ni kioo. Mionzi inayofanya kazi na dawa hizi ni hasa UVA, na UVA hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Kioo cha mbele cha gari huizuia kwa sehemu kubwa, lakini vioo vingi vya pembeni haviizuii. Ndiyo maana dereva wa daladala anaweza kuungua mkono mmoja tu, ule wa upande wa dirisha, na shavu la upande huohuo.

La nne ni mwanga usio wa jua. Fundi wa kuchomelea vyuma anapigwa na mionzi ya urujuanimno kutoka kwenye mwanga mkali wa kuchomelea, na mwenye kupaka kucha za jeli anaiingiza mikono yake kwenye taa ambayo kazi yake ni kutoa UVA. Fundi asichomelee bila glovu za ngozi, ngao ya uso na mikono iliyofunikwa. Kucha za jeli ziahirishwe hadi dozi iishe na wiki zaidi ipite.

## Hatua ya 4: Funika mwili kwanza

Nguo haitoki kwa jasho wala haihitaji kupakwa tena, ndiyo sababu naitanguliza mbele ya losheni. Funika mikono hadi kwenye vifundo, shingo yote na sehemu ya juu ya nyayo, ambayo wavaaji wa kandambili huisahau hadi inapovimba.

Kanga moja iliyochakaa haitoshi, lakini kanga mbili, au kitenge kizito, kikitandwa kichwani na mabegani hukinga vizuri. Nguo nyepesi ikilowa hupitisha mionzi zaidi, kwa hiyo mvuvi na mkulima wa mpunga wabebe ya kubadilisha. Anayekaa chini ya mwavuli ufukweni asijione yuko salama kabisa, kwa kuwa mchanga mkavu hurudisha juu takriban asilimia 15 ya mionzi, na povu la bahari takriban asilimia 25.

Simama mbele ya kioo ukiwa umevaa tayari kutoka. Kama kinachoonekana ni uso na viganja tu, umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 5: Paka losheni kwa kiasi cha kweli

Namba ya SPF hueleza hasa kinga dhidi ya mionzi ya UVB, aina nyingine ya mionzi ya urujuanimno, na kwa dawa hizi hiyo haikutoshi. Tafuta kwenye chupa herufi UVA zilizozungushiwa duara, au maneno "broad spectrum", au zinki oksaidi katika orodha ya viambato.

Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Kamua mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kutoka shina hadi ncha. Mistari hiyo miwili ni ya uso na shingo peke yake. Mingine miwili iwe ya kila mkono ulio wazi. Wengi huona ngozi inabaki na weupe, wakaipunguza au kuichanganya na mafuta yao ya kila siku. Ukifanya hivyo unaivunja kinga, ni afadhali utafute yenye rangi inayokaribia ngozi yako. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili na kila baada ya kutokwa jasho jingi, na usisahau masikio, kisogo kilichonyolewa na mgongo wa kiganja.

Chupa isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto huiharibu.

Naongeza onyo moja kwa watu wa jikoni na wauza juisi. Maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi iliyo juani huunguza kwa namna inayofanana na hii hata bila dawa yoyote. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

## Hatua ya 6: Kinga kucha tangu siku ya kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na anayeiruka huigundua akiwa amechelewa.

Ukucha ni kama kioo kilichopinda. Hupitisha mwanga hadi kwenye nyama iliyo chini yake, mahali pasipo na rangi ya kutosha ya kuuzuia. Nyama hiyo ikiungua, ukucha huachana nayo. Mtazame mwendesha bodaboda aliyeshika usukani: vidole vinne vimelala juu, kucha zikitazama mbingu, ilhali kidole gumba kimejificha chini ya mpini. Akibanduka kucha, mara nyingi ni zile nne, na gumba linabaki zima. Mwenye jembe huwa hivyohivyo.

Vaa glovu kila unapokuwa juani kwa kazi au safari. Pale glovu zinapokwamisha kazi, paka rangi nzito matabaka mawili, au zungushia kila ukucha plasta ya kitambaa asubuhi na kuibandua jioni. Rangi isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu, haizuii kitu. Kucha za miguu zikinge kwa viatu vya kufunika. Kata kucha ziwe fupi, na usichokonoe chini yake kwa kijiti wala pini.

Kabla ya kidonge cha kwanza piga picha ya mikono yote miwili kwenye mwanga mzuri, kisha rudia kila wiki siku ileile.

## Hatua ya 7: Jikague kila jioni

Jiguse paji la uso, ncha ya pua, juu ya masikio, kifua kilicho wazi na mgongo wa viganja. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta joto lisilo la kawaida, kuwaka, uvimbe, ngozi kukaza, au weusi mpya unaoishia ghafla pale nguo ilipoanzia.

Mpaka huo ndio ushahidi mkubwa. Ukivua saa ya mkononi ukakuta chini ya mkanda ngozi ni laini kama kawaida na kandokando inawaka, mwanga umehusika. Nyuma ya masikio na chini ya kidevu nako kwa kawaida hubaki salama.

Onyo la kuzingatia kuliko yote katika mwongozo huu: upele unaotokea hata sehemu zilizofunikwa, pamoja na homa, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, au ngozi inayobanduka ukiigusa, si kuungua jua. Hiyo inaweza kuwa athari ya hatari ya dawa, hasa zenye salfa. Acha dawa mara moja na uende hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

## Hatua ya 8: Ukiungua, fanya hivi

1. Ingia ndani, mbali na dirisha, na ukae humo mchana wote.
2. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi ya kawaida, ukiweke kwenye sehemu iliyoungua kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu usiiweke moja kwa moja.
3. Paka mafuta ya mgando mepesi. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 inaweza kusaidia kwa siku chache palipo na ngozi nzima, lakini usiipake penye malengelenge yaliyopasuka.
4. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na unywe maji mengi.
5. Malengelenge usiyatoboe. Dawa ya meno, mafuta ya taa na majivu yasikaribie kidonda.

Kisha wasiliana na aliyekuandikia dawa siku hiyohiyo au kesho yake, ukiwa na pakiti mkononi. Kama ni kuwaka tu bila malengelenge, mara nyingi atakuambia uendelee na dozi huku ukijifunika. Kama kuna malengelenge mengi au uvimbe wa uso, atapima kama inafaa kubadilisha. Uamuzi huo usiufanye peke yako. Anayetumia septrini kila siku kwa maelekezo ya kliniki yake ya VVU aende klinikini hapo, asiiache kimyakimya.

Kuwaka hupungua ndani ya siku chache, lakini weusi unaobaki unaweza kukaa miezi. Hapa ndipo wengi hukimbilia mkorogo. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu mkorogo unakondesha ngozi iliyokwisha kujeruhiwa na kuifanya iungue upesi zaidi. Weusi huu hufifia wenyewe ukiendelea kujikinga na jua.

## Hatua ya 9: Ukucha ukianza kubanduka

Mara nyingi dalili huanza wiki mbili au zaidi baada ya kuanza dawa, na wakati mwingine dozi ikiwa imekwisha kabisa, ndiyo maana mgonjwa haiunganishi na doksi. Ncha za vidole huuma ukifua au ukifungua kifungo. Kisha sehemu ya mbele ya ukucha hupauka kwa umbo la mwezi mchanga, na ukingo wake wa nyuma huwa na rangi ya kahawia au wekundu uliofifia. Uso wa ukucha wenyewe hubaki laini na mwembamba kama kawaida.

Fangasi haiendi hivyo. Huanza na ukucha mmoja au miwili, mara nyingi ya miguu, hutambaa kwa miezi, na ukucha huwa mnene, wa njano, unaomeguka. Kama bado una shaka, omba kipande cha ukucha kipimwe maabara kabla ya kumeza dawa. Griseofulvini ikitolewa kwa kukisia humwongezea mgonjwa dawa ya pili inayovuta jua, na hali huwa mbaya zaidi.

Matibabu ni subira na usafi. Kata sehemu iliyoachana na nyama kidogokidogo kila wiki bila kuivuta, kausha vidole vizuri baada ya kunawa, na vaa glovu za mpira zenye kitambaa ndani unapofua au kuosha vyombo. Mwanga uendelee kuzuiwa. Ukiona ukijani chini ya ukucha, usaha, au maumivu yanayopwita, nenda kituo cha afya.

Sehemu iliyobanduka haishiki tena. Kinachotakiwa ni ukucha mpya kuisukuma mbele, na ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo tarajia miezi 4 hadi 6, na ya miguu mwaka au zaidi. Linganisha picha zako: kama mstari wa mahali ukucha unaposhikana na nyama unasogea kuelekea ncha, unapona. Usiposogea kwa miezi miwili, mwone daktari wa ngozi.

## Hatua ya 10: Baada ya kidonge cha mwisho

Usivue kofia siku hiyo. Doksisaiklini huchukua siku 4 hadi 5 kupungua kabisa mwilini, kwa hiyo ongeza wiki moja nzima ya kujifunika. Piga picha za kucha kwa wiki 4 zaidi, kwa sababu zinazochelewa ndizo zinazowashtua watu.

Kisha andika kwenye daftari lako la kliniki, ukurasa wa mbele: jina la dawa, kiasi, tarehe, na kilichotokea, kwa mfano "doksisaiklini 100 mg mara mbili kwa siku, niliungua mikono siku ya 5, kucha nne za mkono wa kulia zilibanduka". Utakapokwenda dirishani safari nyingine, ufungue ukurasa huo kabla mfamasia hajashika kopo la dawa.